Kipupwe na wazee: Baridi ya kuogopwa ni ile iliyo ndani ya nyumba

MVUA ya masika inapokoma na mawingu mazito kutanda juu ya Limuru, Kinangop, Nyeri na Molo, wakazi wa nyanda za juu hutoa makoti na mablanketi sandukuni, wakijiandaa kwa kipupwe. Kwa vijana, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kero tu ya kuamka alfajiri na kunawa uso kwa maji baridi. Kwa mkongwe wa miaka 80 anayeishi peke yake katika nyumba ya mbao na mabati, huo ni msimu wa hatari ambayo mara nyingi haitambuliwi hadi maji yanapozidi unga.

Hatari yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza ni baridi, ambayo humwingia mzee polepole bila yeye kuihisi. Ya pili ni ile dawa inayotumiwa na familia nyingi kuifukuza: jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa na madirisha yakazibwa kwa matambara. Baridi huchukua saa nyingi au hata siku kadhaa kumdhuru mtu. Jiko huua kabla ya kupambazuka.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kenya haina baridi ya kumdhuru mtu kwa kuwa inapitiwa na Ikweta, na kwamba theluji huonekana tu kwenye vilele vya Mlima Kenya. Dai hilo linasahau kimo cha ardhi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru na Nyahururu zimepita mita 2,200, na Timboroa iko karibu mita 2,700. Kati ya Juni na Agosti, nusu ya kusini ya dunia huwa katika majira yake ya baridi, na pepo zitokazo huko huleta hewa baridi yenye unyevu. Mawingu ya chini hufunika nyanda za mashariki mwa Bonde la Ufa, na pengine jua lisionekane hadi alasiri kwa siku kadhaa mfululizo. Ng'ambo ya pili ya milima ya Aberdare, usiku usio na mawingu huiacha ardhi ipoteze joto lake, na mkulima wa viazi akaamka na kukuta sakitu juu ya majani.

Isitoshe, si lazima baridi iwe ya kugandisha maji ndipo idhuru. Utafiti uliolinganisha mataifa 14 ya Ulaya, na ambao ulichapishwa mwaka wa 2003, ulitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Nchini Ureno, ambako majira ya baridi si makali, vifo viliongezeka kwa asilimia 28 katika miezi hiyo vikilinganishwa na miezi mingine ya mwaka. Nchini Finland, ambako theluji hufunika nchi kwa miezi mingi, ongezeko hilo lilikuwa asilimia 10 pekee. Tofauti ilikuwa kwenye nyumba. Wakazi wa Finland hujenga wakijua kwamba baridi itakuja. Nyumba zao zina kuta nene, madirisha ya vioo viwili na mitambo ya kupasha vyumba joto. Katika nchi zinazojihesabu kuwa za joto, watu hujenga wakingoja jua.

Katika hilo, nyanda za juu za Kenya zinafanana zaidi na Ureno kuliko Finland. Bati halizuii joto, nyufa za mbao hupitisha upepo, na mara nyingi hakuna dari. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2018 kwamba joto ndani ya nyumba katika msimu wa baridi lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi, na kwamba wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Nyumba ya mabati kule Kinangop ni nadra kufikia kiwango hicho saa kumi za alfajiri.

Kwa nini mzee adhurike mahali ambapo mjukuu wake anacheza bila viatu? Jibu limo katika mwili wenyewe. Mwili wa binadamu hujitahidi kudumisha joto la nyuzi 37 hivi. Baridi inapozidi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, na misuli huanza kutetemeka ili kuzalisha joto jipya. Uzeeni mambo yote mawili hulegea. Mishipa hujibana kwa uvivu, misuli imepungua, na mafuta chini ya ngozi, ambayo ni blanketi la kuzaliwa nalo, yamekuwa membamba. Zaidi ya yote, hisia yenyewe ya baridi hufifia. Ndiyo maana mtu humkuta nyanya yake ameketi kibarazani akiwa na leso nyepesi mabegani, naye akiulizwa hujibu kuwa hasikii baridi. Hasemi uongo. Ni kweli haisikii, na hapo ndipo hatari ilipo.

Maradhi nayo huongeza chumvi kwenye kidonda. Ugonjwa wa kisukari huua ganzi miguuni na kuharibu mzunguko wa damu. Tezi ya koo isiyofanya kazi ipasavyo hupunguza joto linalozalishwa mwilini. Aliyepooza au mwenye baridi yabisi hawezi kuinuka kwa urahisi kuchukua blanketi lililoanguka, na aliyeanza kupoteza kumbukumbu huweza kutoka nje usiku akiwa na nguo ya kulalia pekee. Baadhi ya dawa za usingizi na za kutuliza akili hupunguza uwezo wa mwili kujikinga na baridi. Hilo si sababu ya mgonjwa kuacha dawa zake, bali ni swali la kumuuliza daktari au muuguzi kabla ya Juni kufika.

Kuhusu pombe, kuna imani iliyozeeka kama wazee wenyewe kwamba kikombe cha muratina au tone la kitu kikali hupasha mwili joto. Anayekunywa huhisi joto kwa sababu pombe hufungua mishipa ya ngozi, na damu yenye joto hukimbilia huko. Joto analolihisi ndilo linalotoka mwilini kwenda zake.

Joto la mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa ameingia katika hali inayoitwa haipothemia. Hata hivyo, wazee wengi wanaopoteza maisha kutokana na baridi hawafiki huko. Mishipa inapojibana, shinikizo la damu hupanda, damu huwa nzito na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Mshtuko wa moyo au kiharusi huweza kufuata siku kadhaa baada ya usiku wa baridi kali. Mapafu nayo hudhoofika, na mafua ya kawaida hugeuka kuwa nimonia. Cheti cha kifo kitaandikwa moyo, au kiharusi, au nimonia. Baridi haitatajwa popote, na pengine hiyo ndiyo sababu haihofiwi inavyostahili.

Nimonia ya mzee huhitaji jicho kali. Mtoto mwenye nimonia huchemka na kupumua kwa kasi. Mzee huenda asiwe na joto lolote. Huweza kukataa chakula tu, akalala mchana kutwa, akaanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka au kuwasahau watu anaowafahamu. Familia husema ni uzee, kumbe ni maradhi yanayotibika. Zipo chanjo za mafua makali na za bakteria wanaosababisha aina moja ya nimonia. Kwa watu wazima nchini, mara nyingi chanjo hizo hupatikana kwa malipo katika hospitali za kibinafsi, na anayejiweza hapotezi kitu kumuulizia mzazi wake.

Dalili za haipothemia nazo hujificha vivyo hivyo. Mzee huanza kuwa mzito wa ulimi. Vidole hushindwa kufunga vifungo, hatua huyumba, na usingizi humjia wakati usio wake. Kutetemeka kunaweza kuwepo au kukosekana, na kukosekana kwake si habari njema. Mikono baridi pekee haitoshi kuwa ushahidi, kwani mikono ya wazee wengi huwa baridi siku zote. Njia bora ni kupitisha kiganja chini ya nguo na kugusa tumbo au mgongo. Sehemu hizo zikiwa baridi, hali ni mbaya. Vipimajoto vingi vya zamani vya nyumbani huanzia nyuzi 35, kwa hivyo haviwezi kuonyesha joto lililoshuka chini ya hapo.

Linarudi sasa suala la jiko, ambalo kila kipupwe huacha maafa katika nyumba za mashambani na vyumba vya kupanga mijini. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukaanza kukosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Kwanza kichwa huuma. Kisha hufuata kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa viungo. Aliyelala hapiti hatua hizo akijua. Usingizi wake huwa mzito zaidi na zaidi, asiamke tena.

Hapa ndipo imani potofu zinapogharimu maisha. Wengi huamini kuwa makaa yaliyokwisha kuwa mekundu na kuacha kutoa moshi ni salama. Moshi ni kitu kimoja na gesi hiyo ni kitu kingine. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi hiyo, na yaliyofunikwa kwa majivu yanaendelea kuitoa. Wengine huweka karai la maji kando ya jiko wakidai maji huinyonya. Maji hayainyonyi. Jiko la mafuta taa na lile la gesi ya kupikia nayo huweza kutoa sumu iyo hiyo yakitumiwa kupasha joto chumba kilichofungwa.

Swali ambalo vijana huulizwa na wazee wao ni la haki: mbona mababu waliota moto ndani ya nyumba usiku kucha wasife? Mababu waliishi katika nyumba za paa la nyasi. Moto uliwaka katikati, na hewa ilipenya kwenye nyasi na mianya ya ukuta. Moshi wake uliumiza macho na mapafu, lakini nyumba ilipumua. Nyumba ya leo yenye sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa plasta na madirisha ya vioo haipumui mlango unapofungwa. Desturi imebaki ile ile na nyumba imebadilika.

Kumwambia mkongwe aliyejikunja kwa baridi asiguse jiko, kisha kuondoka, si ushauri. Lazima apate kitu badala yake. Njia iliyo salama ni kuliacha jiko nje au katika jikoni iliyo mbali na chumba cha kulala, na kutumia moto huo kuchemsha maji. Joto liingie chumbani likiwa ndani ya maji. Chupa ya mpira ya maji moto, ikitiwa maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka na kuzungushiwa taulo, hupasha kitanda joto vizuri. Iwekwe chini ya blanketi nusu saa kabla ya mzee kulala. Kwa mwenye kisukari au aliyepooza, iondolewe anapopanda kitandani, kwa maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Chupa za plastiki za soda si mbadala, kwani huvia na kuvuja zikitiwa maji moto.

Ikiwa hapana budi jiko liingie sebuleni jioni, basi na liwe humo watu wakiwa macho, mlango au madirisha yakiwa wazi, na litolewe nje kabisa kabla ya mtu yeyote kulala. Kulisogeza hadi chumba cha pili hakutoshi.

Nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa hunaswa kati yake. Kofia ya sufu na soksi zivaliwe hata kitandani. Soksi zilizolowa umande shambani zibadilishwe mara moja. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni baridi inayotoka chini. Mzee hufunikwa mablanketi matatu akalala juu ya godoro jembamba, na joto lake likapotelea upande wa chini. Blanketi moja kati ya hayo likitandikwa chini yake litamfaa zaidi kuliko likiwa la tatu juu. Katoni na magazeti makuukuu chini ya godoro pia husaidia. Nyufa za ukuta zinaweza kuzibwa na pazia zito kuwekwa mlangoni, mradi chumba hicho hakitumiwi moto wa aina yoyote.

Kisha kuna suala ambalo wazee huona haya kulitaja, nalo ni choo. Katika boma nyingi choo kiko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni, kwenye njia yenye matope. Mzee anayehofia safari hiyo ya saa tisa usiku huacha kunywa maji tangu alasiri, na mwili usio na maji ya kutosha hudhurika zaidi. Akitoka, huacha kitanda chenye joto na kuingia kwenye ukungu. Akianguka na kuvunjika nyonga huweza kulala hapo hapo chini hadi majirani waamke. Ndoo yenye kifuniko chumbani, tochi kando ya mto na kiti cha kushikilia anapoinuka vitamwepushia mengi. Mwana anayemnunulia mama yake ndoo hiyo na kuhakikisha kuna mtu wa kuimwaga kila asubuhi hatakuwa amemvunjia heshima.

Chakula ndicho kuni za mwili. Mzee anayeishi peke yake mara nyingi huona taabu kupika kwa ajili ya mtu mmoja na hushinda kwa chai na mkate. Apate walau mlo mmoja wa moto mchana, na uji wa wimbi au maziwa moto kabla ya kulala. Mchana asiketi mahali pamoja kwa saa nyingi. Hata kusimama, kutembea hadi mlangoni na kurudi, au kuambua maharagwe akiwa kitini huifanya misuli izalishe joto.

Yote haya yanahitaji pesa na watu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wengi wao wanaishi mashambani ilhali watoto wao wako mijini. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka wa 2018 kuwafikia wazee wa miaka 70 na zaidi, uliweka malipo ya Sh2,000 kwa mwezi. Malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo hayo yamesikika mara kwa mara, na kuchelewa mwezi wa Julai si sawa na kuchelewa mwezi wa Februari. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na usaidizi wa kiasi kutoka kwa familia zao na Serikali. Wote wawili wametajwa.

Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao serikali iliwazindua rasmi mwaka wa 2023, walipewa vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na joto la mwili. Familia iliyo mbali inaweza kuulizia ni mhudumu yupi anayehudumia kijiji cha mzazi wao, na kumwomba apitie hapo mara nyingi zaidi wakati wa kipupwe.

Simu nayo inafaa, mradi itumiwe ipasavyo. Mzee akiulizwa anaendeleaje atajibu kuwa ni mzima, kwa kuwa hataki kuwasumbua watoto walio kazini. Afadhali aulizwe amekula nini leo, ameketi wapi wakati huo, amevaa nini miguuni, jiko liko wapi. Sauti yake isikilizwe. Ikiwa maneno yanaburuzika au anarudia jambo moja kinyume cha kawaida yake, jirani aombwe kwenda kumtazama wakati huo huo, wala si kesho yake.

Akikutwa amepoa, aondolewe nguo zilizolowa, afunikwe kwa mablanketi makavu akianziwa kifua, tumbo na kichwa, na mtu mwingine akumbatiane naye chini ya blanketi ikiwezekana. Akiwa macho na anaweza kumeza, apewe kinywaji moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, asitumbukizwe katika maji moto, asikalishwe karibu na moto mkali, wala asipewe pombe. Kumpasha joto ghafla huweza kuushtua moyo. Usafiri wa kumfikisha hospitalini utafutwe huku hayo yakiendelea.

Akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko, milango na madirisha yafunguliwe kwanza, jiko litolewe, naye abebwe hadi mahali penye hewa safi. Anayeingia kumwokoa asikawie ndani. Hata akipata fahamu na kusema yuko sawa, apelekwe hospitalini akapewe oksijeni, pamoja na wote waliolala chumba hicho. Daktari aambiwe waziwazi kwamba palikuwa na jiko la makaa, kwa maana kuumwa kichwa, kutapika na kulegea hufanana mno na malaria au mafua, na mgonjwa huweza kurudishwa nyumbani na tembe za maumivu, kwenye chumba kile kile na jiko lile lile.